Morisi: Kisiwa ambacho msitu wake unakufa bila ya kukatwa

MUULIZE mtoto yeyote wa shule ya msingi akutajie maadui wa msitu, naye hatasita. Atakutajia shoka, msumeno, moto na wachoma makaa. Muulize dawa yake, atakujibu mara moja: watu waache kukata miti, pazungushiwe ua, na msitu utajiotea wenyewe. Jibu hilo si baya, na mwalimu atampa alama zake zote. Lakini kuna nchi moja ndogo katika Bahari ya Hindi, jirani yetu kwa njia ya maji, ambayo kwa sehemu kubwa imeyafanya hayo yote, na bado msitu wake wa asili unazidi kudidimia.

Nchi hiyo ni Morisi, ambayo katika ramani nyingi huandikwa Mauritius. Iko mashariki ya Bukini, yapata kilomita 800 kutoka pwani ya kisiwa hicho. Kisiwa chake kikuu kina eneo la kilomita mraba 1,865 hivi. Ukilichukua eneo la Nairobi mara tatu, tayari umekimaliza na kubakisha. Mbali zaidi upande wa mashariki kuna kisiwa chake kingine kidogo, Rodrigues. Wakazi wa nchi nzima ni kama milioni moja na robo.

Wengi wetu tunaijua Morisi kwa sukari, kwa fukwe za watalii na kwa dodo. Hapa sisemi lile embe la Pwani, bali yule ndege mnene asiyeweza kuruka, aliyemalizwa katika karne ya 17. Wachache ndio wajuao kwamba kisa cha dodo hakikwisha. Msitu aliouacha ungali unapigania uhai wake, na vita hivyo vina mafunzo kwa yeyote anayependa kusoma takwimu za misitu.

Hesabu za makaratasi

Kila baada ya miaka mitano Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) hukusanya hesabu za misitu ya kila nchi. Katika hesabu hizo misitu hugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni misitu iliyopandwa na binadamu. Fungu la pili ni misitu iliyojiotea yenyewe, mbegu zikianguka, zikichukuliwa na upepo au ndege, na kuchipuka bila ya mtu kushika jembe.

Kwa mujibu wa hesabu za mwaka wa 2020, Morisi ilikuwa na misitu ya takriban hekta 38,800, sawa na asilimia 19 ya nchi kavu. Mwaka wa 1990 ilikuwa na hekta 41,000 hivi. Katika zile za 2020, zaidi kidogo ya nusu, yaani hekta 20,000 na ushei, ni msitu uliojiotea wenyewe. Zilizosalia ni misunobari na miti mingine iliyopandwa.

Msomaji mwenye haraka atasema mambo si mabaya. Kupungua kwa hekta 2,000 na kitu katika miaka 30 si msiba wa kuvunja matanga. Ziko nchi zinazopoteza kiasi hicho kwa juma moja.

Lakini waulize wataalamu wa mimea wa kisiwani humo. Watakwambia kwamba msitu wa asili ulio katika hali nzuri, wenye miti ileile iliyokuwapo kabla ya meli ya kwanza kutia nanga, haufiki hata asilimia 2 ya kisiwa. Je, hekta zile nyingine zote za msitu uliojiotea zina nini ndani yake? Hapo ndipo penye kitendawili.

Kisiwa kilichokuwa kijani tupu

Kabla ya binadamu kuhamia, Morisi ilikuwa karibu yote imefunikwa na miti. Wataalamu wamehesabu aina karibu 700 za mimea ya maua ya asili ya kisiwa hicho, na zaidi ya theluthi moja ya aina hizo hazipatikani mahali pengine popote duniani. Hapakuwa na nyani, swara wala ng'ombe. Mnyama mkubwa wa kula majani alikuwa kobe. Mnyonyeshaji pekee wa nchi kavu alikuwa popo.

Waarabu walikijua kisiwa hicho zamani, na Wareno wakapita mwanzoni mwa karne ya 16, lakini hakuna aliyejenga. Waholanzi walifika mwaka wa 1598 na kukipa jina la mwanamfalme wao Maurice wa Nassau. Makazi yao ya kwanza waliyaanzisha 1638. Walichokitaka zaidi ni mpingo. Huu si ule mpingo unaochongwa vinyago na mafundi wa Ukambani, ila ni wa ukoo mwingine wenye moyo mweusi vilevile, uliopendwa sana huko Ulaya kwa meza na makabati.

Mwaka wa 1639 Waholanzi haohao walileta kulungu kutoka Java ili wapate nyama. Waliingiza pia miwa. Nguruwe, tumbili wa Asia na panya nao walifika kwa meli za nyakati hizo, wengine kwa kuletwa na wengine kwa kujipenyeza. Waholanzi walipokihama kisiwa mwaka wa 1710, dodo hakuwapo tena. Kulungu, nguruwe, tumbili na panya walibaki, na wapo hadi leo.

Jasho la watu wa mwambao wetu

Wafaransa walikitwaa kisiwa mwaka wa 1715 na kukiita Ile de France. Ni wao waliofyeka msitu kwa bidii, na mikono waliyoitumia haikuwa yao. Watumwa waliletwa kutoka Bukini, Msumbiji na mwambao wa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Basi baadhi ya miti ya Morisi iliangushwa na watu waliotekwa katika bara letu hili na kupakiwa jahazini.

Watumwa waliofaulu kutoroka walikimbilia msitu na milima. Mlima wa Le Morne, ulioko pembe ya kusini magharibi, ulikuwa maficho yao, na mwaka wa 2008 Shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia kwa kumbukumbu hiyo. Kwa hao msitu haukuwa mbao. Ulikuwa ngome.

Ajabu ni kwamba katika zama hizohizo ndipo ilipotungwa mojawapo ya sheria za mwanzo kabisa za kulinda misitu katika makoloni. Mwaka wa 1769 mtawala Pierre Poivre aliagiza kila mwenye shamba abakishe robo ya ardhi yake ikiwa msitu, hasa penye miteremko ya milima. Alipiga marufuku pia kukata miti iliyo karibu na mito. Poivre aliamini kwamba miti ikiisha mvua nayo hupungua na udongo huchukuliwa na maji. Hayo aliyasema zaidi ya karne mbili kabla ya neno "mazingira" kuwa wimbo wa kila mkutano.

Waingereza walikiteka kisiwa mwaka wa 1810. Utumwa ulikomeshwa 1835, lakini sukari haikukoma. Wahindi karibu nusu milioni waliletwa kwa mikataba ya kazi ili kuziba pengo la watumwa, na miwa ikapanda kutoka mabondeni hadi kwenye nyanda. Baadaye yakaja majani ya chai. Hata katika miaka ya 1970, baada ya nchi kupata uhuru tarehe 12 Machi 1968, msitu mfupi wa asili kwenye uwanda wa juu ulifyekwa na kupandwa misunobari kwa jina la maendeleo.

Kufikia hapo hadithi ni ileile tunayoijua: shoka na tamaa. Mwaka wa 1994 serikali ilitenga bonde la Black River na milima inayolizunguka kuwa mbuga ya taifa, yenye hekta 6,574. Humo ndimo ulimo msitu mwingi wa asili uliosalia, na ukataji ukapigwa marufuku. Wengi wangedhani kwamba kazi imekwisha.

Adui mwenye tunda tamu

Hebu ingia katika mbuga hiyo kati ya mwezi wa Machi na Agosti. Utakuta familia kwa familia, baba, mama, watoto na shangazi, wamebeba vikapu na ndoo. Wamekuja kuchuma mapera madogo mekundu, ambayo wenyeji huyaita mapera ya Kichina, japo asili yake ni Brazil. Huliwa kwa chumvi na pilipili, na wengine huyatia ukwaju. Huuzwa pia kandokando ya barabara. Kwa watu wa Morisi tunda hilo ni sehemu ya utoto, kama zambarau au ubuyu kwa mtoto wa Mombasa.

Ni mpera huohuo unaoumaliza msitu. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Mpera huu huota kwa msongamano wa ajabu. Fito zake nyembamba husimama bega kwa bega hata mtu mzima hawezi kupita bila panga. Chini yake ni giza. Mche wa mti wa asili ukichipuka hapo haupati mwanga, ukipata mwanga haupati nafasi, na ukibahatika kupata vyote kulungu hupita akautafuna. Mpera nao hauhitaji mkulima. Nguruwe na tumbili hula matunda yake na kwenda kuzimwaga mbegu mbali. Shorewanda wa kutoka Asia, ndege aliyeingizwa kisiwani mwaka wa 1892, naye hutawanya mbegu za vichaka vingi vya kigeni.

Kisha huja vimbunga. Msitu wa asili umezoea dhoruba za bahari hiyo tangu enzi na enzi. Mti mkubwa ukianguka, pengo lililoachwa lilikuwa nafasi ya miche iliyokuwa ikingoja zamu yake. Siku hizi pengo likifunguka, wa kwanza kulijaza ni mpera. Kila kimbunga kinachopita huwa kama kinamfungulia mgeni mlango.

Ukitazama kutoka kwenye ndege, huoni kasoro yoyote. Ni kijani tele, na karatasi ya takwimu itaandika: msitu unaojiotea wenyewe. Ni kweli unajiotea. Kinachoota ndicho tatizo.

Waliorudi kuhesabu

Je, haya ni maneno ya wapenda mimea tu? La hasha. Katika miaka ya 1930 wataalamu wawili, Reginald Vaughan na Octave Wiehe, waliupima msitu wa Morisi kwa uangalifu mkubwa. Katika eneo la Macabé, ndani ya sehemu ambayo sasa ni mbuga, walipima kipande cha ardhi na kuihesabu miti yake mmoja mmoja.

Karibu miaka 70 baadaye, Vincent Florens wa Chuo Kikuu cha Mauritius na wenzake walirudi palepale na kuhesabu upya. Walikuta miti ya asili imepungua sana. Hapakuwa na shamba lililofunguliwa pale, wala kiwanda. Miti mizee ilikuwa ikifa, mmoja leo na mwingine kesho, na haikuwa na watoto wa kuirithi. Ni kama kijiji kilichobakiwa na vikongwe watupu. Nyumba zimesimama na moshi unafuka, lakini hakuna mtoto anayelia.

Kwa mwanafunzi wa sayansi, hili ndilo jambo la kutia akilini. Msitu haupimwi kwa miti iliyosimama peke yake. Hupimwa pia kwa miche iliyo chini yake. Eneo likibaki lilelile kwa miaka 30 huku miche ikiwa ya aina nyingine, basi msitu umebadilika mikononi mwetu bila ya namba kubadilika.

Liko tendo moja la kusikitisha linaloonyesha mwisho wa njia hii. Katika bustani ya mimea ya mji wa Curepipe umo mnazi mwitu mmoja, uitwao na wataalamu Hyophorbe amaricaulis. Hakuna mwingine wa aina yake unaojulikana popote duniani. Hutoa maua ya kiume na ya kike, lakini hayafunguki wakati mmoja, kwa hivyo kupata mbegu ni taabu tupu. Umezungushiwa uzio, na watu huenda kuutazama kama wanavyomtembelea mgonjwa.

Kupalilia msitu kama shamba la mahindi

Wenyeji hawakukaa kitako. Katika sehemu ya mbuga iitwayo Brise Fer, eneo dogo lilizungushiwa ua na kupaliliwa mwaka wa 1987, na eneo kubwa zaidi likafuata mwaka wa 1996. Ndiyo, lilipaliliwa kwa mikono, kama shamba la mahindi. Vibarua walikata mipera na vichaka vya kigeni, wakang'oa miche yake, na kurudi tena baada ya muda kwa sababu gugu halina haya. Ua ulizuia kulungu na nguruwe.

Matokeo yaliwashangaza hata wenye kuyatarajia. Miche ya asili ilichipuka. Baadhi ya mimea iliyokuwa imeadimika mno, hadi watu wakahofia kwamba inatoweka, ilionekana tena ikitoa maua na matunda. Mbegu na mizizi vilikuwa bado vipo, vikingoja mwanga. Hapo ndipo ilipobainika kwamba msitu wa Morisi unaweza kujiotea wenyewe, lakini kwanza lazima uondolewe mkono uliouziba mdomo.

Kasoro ni kwamba ua hauzuii tumbili wala panya. Tumbili huchuma matunda ya asili yangali mabichi, kabla mbegu hazijakomaa. Isitoshe, kazi ya kupalilia ni ghali. Mlima una miteremko, mvua hainyeshi kwa mapenzi ya kibarua, na hekta iliyosafishwa mwaka huu itadai kusafishwa tena. Ndiyo sababu maeneo yaliyopaliliwa ni madogo yakilinganishwa na yale yaliyovamiwa.

Vilevile sehemu kubwa ya misitu ya Morisi ni mali ya watu binafsi. Wengi wao hufuga humo kulungu wa kuwindwa na wa nyama. Mwenye shamba hupata pesa kwa kulungu, na kulungu hupata chakula kwa miche. Kumwomba mwenye shamba auondoe mfugo wake kwa ajili ya mti ambao wajukuu wake ndio watakaouona umekomaa si ombi jepesi.

Kobe mpandaji miti

Katika ghuba ya Mahébourg, kusini mashariki, kipo kisiwa kidogo cha hekta 26 kiitwacho Ile aux Aigrettes. Msitu wake wa pwani, wenye mpingo wa aina yake, ulikuwa umekatwakatwa kwa kuni. Shirika la Mauritian Wildlife Foundation, lililoanzishwa 1984, lilianza kuung'oa ugeni wote: panya waliangamizwa, magugu yakapaliliwa, na miche ya asili ikapandwa.

Lakini mpingo ulikuwa na shida nyingine. Matunda yake yalianguka chini ya mama na kuozea papo hapo. Zamani kobe wakubwa wa Morisi waliyala na kuzibeba mbegu tumboni hadi mbali. Kobe hao walikwisha zamani, wakiliwa na mabaharia. Basi kuanzia mwaka wa 2000 wataalamu waliwaleta kobe wa ukoo wa karibu kutoka Aldabra, huko Ushelisheli. Kobe wakala matunda, wakatembea taratibu kama kawaida yao, na kuacha mbegu kila walikokwenda. Uchunguzi ulionyesha kwamba mbegu zilizopita tumboni mwa kobe huota vizuri kuliko zisizopita. Miche ya mpingo ikaonekana mahali ambapo haikuwapo.

Hapa inafaa kusahihisha hadithi moja ambayo imeenea katika vitabu vya watoto. Mwaka wa 1977 mtaalamu Mmarekani, Stanley Temple, aliandika kwamba mti uitwao tambalacoque ulikuwa ukifa kwa sababu mbegu zake hazingeweza kuota bila ya kupita tumboni mwa dodo. Ni hadithi tamu. Baadaye wataalamu wengine waliipinga, kwani mbegu zake huota bila dodo, na miti michanga ilipatikana. Dodo alikufa, lakini msitu haukufa naye. Wanaoukaba sasa ni wageni waliobaki, na hao wanaweza kuondolewa. Habari hiyo ni njema kuliko ile hadithi.

Ndege nao wamefaidika. Kozi wa Morisi walikuwa wamebaki wanne tu waliojulikana porini mwaka wa 1974. Njiwa wa rangi ya waridi walipungua hadi kama kumi porini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa kuwalea, kuwalisha na kuwatunzia msitu, leo njiwa hao wanahesabiwa kwa mamia. Carl Jones, aliyeongoza kazi hiyo kwa miaka mingi, alitunukiwa tuzo ya Indianapolis mwaka wa 2016.

Juhudi hizo zilitiwa majaribuni mwezi wa Julai 2020. Meli iitwayo Wakashio ilipanda mwamba karibu na ufuo huo, na mwezi uliofuata mafuta yapatayo tani 1,000 yakamwagika baharini. Wananchi walishona magunia, wakayajaza majani ya miwa ili kuzuia mafuta, huku wahifadhi wakihamisha kutoka Ile aux Aigrettes miche adimu, ndege na mijusi.

Popo na lichi za Krismasi

Usidhani kwamba kila mtu wa Morisi anakubaliana na wahifadhi. Mgogoro mkali zaidi unamhusu popo. Popo wa matunda wa kisiwa hicho ndiye aliyebaki kufanya kazi ya dodo, kobe na kasuku waliotoweka. Hula matunda ya miti mikubwa ya asili na kutawanya mbegu usiku kucha.

Kwa bahati mbaya hupenda pia maembe na lichi. Lichi huiva kuelekea Krismasi, na kwa familia nyingi mti mmoja nyuma ya nyumba ni furaha ya sikukuu na pesa za karo. Mtu akiamka na kukuta mti wake umeachwa maganda, hawezi kusikiliza mhadhara kuhusu mbegu. Kuanzia mwaka wa 2015 serikali iliamuru popo wapigwe risasi, na makumi ya maelfu waliuawa katika misimu kadhaa. Mwaka wa 2018 popo huyo aliingizwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa ya kutoweka.

Wahifadhi wanapendekeza nyavu za kufunika miti, na serikali ilichangia gharama ya nyavu hizo. Lakini mti wa lichi ukiachwa hurefuka kupita nyumba, na si kila familia inaweza kuufunika. Mkulima ana haki yake, na msitu una yake. Mwenye kulipa gharama ya msitu lazima naye asikilizwe, la sivyo sheria itabaki ya karatasi.

Mtoto aliyeleta tawi

Tumalizie Rodrigues. Kisiwa hicho kina kilomita mraba 108 tu, na msitu wake wa asili uliharibiwa vibaya na moto, mbuzi na mashoka. Yapata mwaka wa 1980 mwalimu mmoja aliwatuma wanafunzi wake wakatafute mimea wanakoishi. Mtoto mmoja alirudi na tawi la kichaka ambacho kilidhaniwa kimetoweka duniani. Ni mmea wa jamii ya kahawa, uitwao huko kahawa mwitu. Ulikuwa umebaki mmoja tu, kando ya barabara.

Habari zilipoenea, watu waliuvamia kwa kuamini ni dawa, na ikabidi uzungushiwe ua. Mwaka wa 1986 vipandikizi vilisafirishwa kwa ndege hadi bustani ya Kew, London. Kimoja kilishika mizizi na kutoa maua, lakini kwa miaka mingi hakikutoa mbegu. Mwaka wa 2003 mtunza bustani Carlos Magdalena alifaulu kuupata uzao wake, na baadaye miche ikarejeshwa nyumbani Rodrigues. Yote hayo yalitokana na mwalimu aliyetoa kazi ya ziada na mtoto aliyefungua macho.

Swali la pili

Siku hizi Morisi ina nafasi ambayo haikuwa nayo zamani. Umoja wa Ulaya uliipunguza bei ya sukari kwa asilimia 36 kuanzia mwaka wa 2006, na mashamba mengi ya miwa yameachwa. Ardhi iliyoachwa haikai tupu, itajiotea kitu. Katika maeneo makavu ya chini, kinachowahi ni lusina, ule mti wa malisho tunaoujua hata sisi, na juu milimani ni mpera. Takwimu za miaka ijayo huenda zikaonyesha msitu unaojiotea ukiongezeka, na wengine wakapiga makofi.

Mzazi anayemsaidia mwanawe kazi ya jiografia anaweza kumfunza jambo moja kutokana na kisa hiki. Anaposoma kwamba nchi fulani ina hekta kadha wa kadha za msitu, asikomee hapo. Aulize swali la pili: ni miti gani inayoota humo, na chini ya miti mikubwa kuna watoto wa nani? Mkienda matembezi ya Jumapili katika msitu wowote ulio karibu nanyi, msitazame juu tu. Inameni mtazame miche, kisha mhesabu ile iliyo ya asili na ile ya wageni. Kazi hiyo haihitaji digrii, kama yule mtoto wa Rodrigues alivyoonyesha.

Watu wa Morisi wamejifunza kwamba kuacha kukata ni mwanzo tu. Vibarua wa Brise Fer wangali wanapanda mlima na mapanga yao, kuukata mpera ili mpingo uote. Asiyejua atadhani wanaharibu msitu.